Kilomita 50 Nyuma ya Nyumba Yako: Mwongozo kwa Mkimbiaji wa Wazo

Watu wa Dar wameaminishwa kwamba mbio ngumu ziko ugenini. Mwezi wa pili ukikaribia utawaona wanatafuta nauli ya basi kwenda Moshi kwenye Kilimanjaro Marathon, inayokimbiwa tangu mwaka 2003, na wakirudi wanatundika medali sebuleni chini ya picha ya harusi. Hongera zao. Lakini ugenini ni kwepesi. Moshi hakuna anayekujua, hujui njia ya mkato, na hata ukitaka kuacha hujui pa kwenda. Unamaliza kwa kukosa la kufanya.

Mtihani ni kukimbia kilomita 50 kwenye vijia unavyopita kila siku kwenda kununua mkaa. Wazo, Kilimahewa, Salasala, Madale, Mivumoni, Nyakasangwe, kipande cha Mabwepande, kisha urudi Wazo, uzunguke tena mpaka hesabu itimie. Huko kila jiwe unalijua, na kila mtu anakujua wewe. Hayo ndiyo matatizo mawili makubwa ya mbio hizi, na mwongozo huu umeandikwa kukusaidia kuyakabili, au angalau kuyakuta ukiwa umekunywa uji.

Kwa nini 50? Kwa sababu chochote kinachozidi kilomita 42.195 huhesabiwa kuwa mbio za masafa ya kupindukia, na wewe ni mtu wa kupindukia. Hiyo 42.195 yenyewe haina utakatifu wowote. Ilitoka kwenye Olimpiki ya London mwaka 1908, Waingereza walipoanzishia mbio kwenye kasri la Windsor na kuzimalizia mbele ya jukwaa la familia ya kifalme. Mwishowe dunia nzima ikabebeshwa mkia huo wa mita 195. Sasa kama mfalme aliruhusiwa kupanga urefu wa mbio kwa kufuata kiti chake, nasi Wazo tuna haki ya kuanzia kwa mjumbe na kumalizia kwa muuza supu.

Kuchora njia

Usitegemee ramani ya simu. Ramani ya simu inakuonyesha vijia vya mwaka juzi, na vingine sasa hivi ni sebule za watu. Chukua daftari, chora Barabara ya Bagamoyo upande mmoja, andika neno "BAHARI" ng'ambo yake, halafu usiende huko. Ununio na Mbweni kuna upepo mzuri na nyumba za kuangalia, lakini kukimbia kwa starehe hakujamjenga mtu.

Upande wa bara utakutana na majaribu mawili. La kwanza ni Pori la Akiba la Pande. Ni msitu wa pwani wenye kivuli, na ukiwa kwenye kilomita ya 30 na jua limekukalia utosini utauona unakuita. Usiitike. Ni hifadhi, ina vibali vyake, na askari wa wanyamapori hatakuwa na hamu ya kusikia habari za muda wako bora. La pili ni machimbo ya kiwanda cha saruji. Kwenye karatasi yanaonekana yangekupunguzia safari vizuri sana. Pale mawe hupasuliwa kwa baruti. Zunguka.

Na ikitokea njia imepakana na eneo la jeshi, wala usichungulie. Vibao vyake vimeandikwa kwa herufi kubwa na havijawahi kuwa na mzaha.

Msimu nao uchague. Machi hadi Mei ni masika, na vijia vya Madale wakati huo huwa mito ya muda. Desemba hadi Februari ni joto la kaskazi, unatoka jasho ukiwa umekaa. Kimbia Juni, Julai au Agosti, asubuhi inapokuwa na kaubaridi na majirani wanavaa masweta.

Kibali

Huwezi kukimbia kilomita 50 mtaani bila mwenyekiti wa serikali ya mtaa kujua. Yaani unaweza, ila atajua tu, na atajua vibaya. Nenda ofisini kwake asubuhi, ukiwa umevaa suruali.

"Shikamoo mheshimiwa."

"Marahaba kijana. Karibu. Wanasema mnataka mbio. Za hisani?"

"Hapana mheshimiwa, za kukimbia tu."

Hapo atavua miwani. "Mdhamini nani?"

"Hatuna mdhamini."

"Mgeni rasmi?"

"Hatuna."

"Fulana?"

"Fulana pia hakuna, mheshimiwa."

"Sasa watu watakimbiaje bila fulana?"

Usimcheke, kwa maana ameuliza swali la kitaalamu. Kwa mji huu, mbio ni fulana. Mtu analipia usajili, anachukua fulana Ijumaa, anapiga nayo picha Jumamosi, na Jumapili ya mbio zenyewe analala mpaka saa tatu. Fulana hiyo ataivaa miaka mitatu akiosha gari. Ukija na mbio zisizo na fulana umeuvuruga mpango mzima wa uchumi, na mwenyekiti amelitambua hilo kabla yako.

Mwandikie barua, nakala kwa mtendaji wa kata, nakala kwa kituo cha polisi. Na hapa ndipo unapoelewa kwa nini njia yetu haifiki Kinzudi, ingawa iko karibu na ina kilima kitamu: Kinzudi ni Goba, Goba siku hizi ni Manispaa ya Ubungo, na barua zingeanza upya kwa mhuri mwingine. Mkimbiaji wa masafa lazima ajue kutunza nguvu.

Alama

Waandaaji wa mbio za porini huko Ulaya na Marekani huweka alama njiani ili watu wasipotee. Usijaribu.

Usiweke alama kwa rangi nyekundu. Ukichora X moja tu nyekundu kwenye ukuta wa mtu saa kumi na moja jioni, mpaka saa moja usiku mtaa mzima utakuwa umeshasikia kwamba bomoabomoa imefika, kina mama wamekusanyika, na mwenye nyumba ameshampigia simu mwanasheria. Usitumie chokaa wala unga. Unga uliomwagwa njia panda alfajiri una maana moja tu kwa wakazi wa Pwani, na hakuna mtu atakayeuruka ili apite. Watageuka nyumbani, na mkutano wa hadhara utaitishwa kumtafuta mhusika. Utepe wa plastiki ni salama, lakini ukifungwa saa tisa alasiri, watoto wanaotoka shule wameshaufanya mkia wa tiara, na uliobaki umeliwa na mbuzi wa jirani.

Kwa hiyo tumia ule mfumo uliokuwepo. Mwelekeze mkimbiaji hivi: shuka kwa Mangi, kata kushoto kwenye mwembe, pita kwa fundi cherehani, usipite kwa yule mwenye bata mzinga. Mwaka 2022, kabla ya Sensa ya mwezi Agosti, serikali ilituwekea anwani za makazi, na sasa hata kijia chenye upana wa mkokoteni kina nguzo yenye jina na nyumba zina namba. Kazi nzuri, na wageni wanafika. Ila mwulize mwenyeji yeyote wa Mivumoni anakaa mtaa gani, atakwambia "nyuma ya kwa Mangi."

Kuna mbio Marekani, jimbo la Tennessee, ziitwazo Barkley Marathons, zilizoanza mwaka 1986. Nazo hazina alama. Ushahidi kwamba umepita ni ukurasa unaouchana kwenye vitabu vilivyofichwa msituni, ukurasa wenye namba yako. Mwaka 2024 Jasmin Paris wa Uingereza alikuwa mwanamke wa kwanza kuzimaliza, zikiwa zimebaki sekunde 99 saa 60 zitimie, na iko miaka mingi ambayo hakumaliza hata mtu mmoja. Tukitaka Wazo nasi tuogopwe duniani kwa kiwango hicho, tumwagize kila mkimbiaji alete risiti ya EFD kutoka kila genge atakalopita. Hatamaliza mtu mpaka Yesu arudi.

Vifaa

Viatu vya mbio za vijiani, vyenye meno, utavipata Karume kwenye mitumba. Vingi vinakuja vikiwa vipya kabisa, kwa sababu Mzungu aliyevinunua naye alikuwa na malengo ya Januari. Vijaribu vyote viwili. Muuzaji atakuapia kwamba namba 42 na namba 43 ni kitu kimoja, "unavaa na soksi nzito tu bosi."

Usiringe navyo sana. Karibu na nyumba kadhaa za Salasala utapitwa na mlinzi wa Kimasai anayetoka lindo, katambuga miguuni, rungu mkononi, simu sikioni, anaongea. Hatatambua kwamba mnashindana.

Beba kitochi chenye chaji, kitambulisho, noti ya elfu tano iliyokunjwa ndani ya mfuko wa nailoni isilowe jasho. Na namba kifuani. Hii namba ndiyo kifaa muhimu kuliko vyote, hata kama umeiandika mwenyewe kwa maka pen kwenye karatasi ya A4 na kuibana kwa pini nne. Mtu mzima anayekimbia Wazo saa kumi alfajiri akiwa na tochi kichwani ni mmoja kati ya wawili: mwizi, au aliyeibiwa. Vijana wa ulinzi shirikishi hawana muda wa kuchambua. Lakini wakiona karatasi yenye namba 7 kifuani wanashusha fimbo, wanaulizana, mmoja anasema "ni mambo ya marathoni hayo," na unapita ukipewa pole.

Mbwa hawasomi namba. Nyumba zenye kibao cha "Mbwa Mkali" huwa zimewafungulia usiku, na kuna geti ambalo mlinzi husinzia likiwa wazi. Usiongeze mwendo. Inama uigize kuokota jiwe, na mara nyingi inatosha, kwani mbwa wa Kitanzania amelelewa kuheshimu nia.

Kuanza

Anza saa kumi alfajiri. Zipo sababu za kiafya, kwamba jua la Dar likishapanda saa tatu unyevu wa hewa unazuia jasho kukauka, mwili unashindwa kujipoza na moyo unafanya kazi mara mbili. Sababu ya kweli ni nyingine: hakuna mgeni rasmi aliyewahi kuamka saa tisa usiku. Mbio zote zenye mgeni rasmi huanza pale anapofika, akishasalimia itifaki, akishawashukuru wadhamini mmoja mmoja na kueleza umuhimu wa michezo kwa afya, wakati afya yenyewe imesimama juani mbele yake ikisubiri. Anza usiku, utaanza kwa wakati.

Vikundi vya jogging visikutie unyonge. Utakutana navyo Jumapili kunapokucha, vimevaa sare, vinaimba, kiongozi akiitikiwa, vinaelekea lami. Ni watu wenye furaha sana. Watakuuliza uko kikundi gani, na ukisema uko peke yako watakuonea huruma ya dhati. Wakikwambia umalizie nao kwenye supu, kataa. Ni kilomita ya 9 tu.

Salamu

Wanariadha wa kimataifa hawajui bahati waliyonayo. Tarehe 15 Septemba 2025, kule Tokyo, Alphonce Simbu alitwaa dhahabu ya marathoni ya dunia, ya kwanza kwa Tanzania katika mashindano hayo. Yeye na Amanal Petros wa Ujerumani waliandikiwa muda uleule, saa 2:09:48, na picha ya mstarini ikaonyesha Simbu ametangulia kwa sekunde 0.03. Sasa ihamishie Madale. Pale kwenye kona ya mwisho, chini ya mkorosho, amekaa bibi kizee kwenye kigoda anachambua mchicha. Shikamoo moja tu, ya haraka, bila hata kusimama, inakula sekunde nzima. Dhahabu imekwenda Ujerumani.

Na haiwezekani iwe ya haraka. Bibi ataitikia marahaba, kisha atauliza umekwenda wapi, mama hajambo, lile bati lililoezuliwa na upepo mmelirudishia, na mbona unakimbia, kuna msiba? Ukijibu ukiwa unaondoka umekosa adabu, na habari itafika nyumbani kabla yako. Mbinu inayokubalika ni kupunguza mwendo hatua kumi kabla, kuinamisha kichwa, kutoa shikamoo ndefu yenye pumzi nyingi ili ajue unahema, na kushika kiuno. Akiona unashika kiuno atakuachia. Panga dakika 40 za salamu kwenye hesabu yako ya muda. Ukikimbia siku ya Eid au Pasaka, panga saa mbili na tumbo la ziada.

Bodaboda

Kijiwe cha bodaboda huwa kwenye kila makutano, na kila kijiwe kitakupa huduma.

"Kaka, twende."

"Nakimbia."

"Naona. Unawahi wapi?"

"Siwahi."

Hilo linamchanganya. Anawasha pikipiki, anakufuata taratibu, gurudumu la mbele likiwa sambamba na goti lako. "Kaka, kama ni hela sema, nakupeleka buku tu mpaka Tegeta."

"Siendi Tegeta."

"Unaenda wapi sasa?"

"Natokea Wazo, naenda Wazo."

Atanyamaza kwa mwendo wa nyumba mbili. Kisha kwa sauti ya upole, sauti ya kuongea na mtu aliyefiwa: "Nakupeleka bure, kaka. Panda tu."

Hapa wengi wameanguka. Kumkataa mtu anayekutaka pesa ni rahisi. Kumkataa mtu aliyekuonea huruma akiwa na siti tupu na wewe una kilomita 26 mbele, hiyo inahitaji malezi. Mshukuru, mwombe akusogezee maji mbele kwenye kijiwe kinachofuata, umwachie ile buku. Ndivyo unavyopata kituo cha maji bila mdhamini, na habari zako zitakuwa zinakutangulia kijiwe kwa kijiwe, zikikua. Ukifika Mivumoni utaambiwa umetoka Kibaha.

Kama umekosa kilomita za kutosha ukaamua kuvuka mpaka Mtongani, Kunduchi, upite pembeni kwenye kokoto. Utawakuta watu, wengi wao kina mama, wanapasua mawe kwa nyundo, chini ya vivuli vya viroba na makuti. Wataacha kazi wakutazame. Mmoja atauliza umelipwa kiasi gani. Ukijibu kwamba kwenye mbio za mjini ni wewe unayelipa, ndipo watakapochoka vizuri, watacheka mpaka nyundo zianguke. Sina jibu la kukupa. Waamkie, uende.

Ukuta

Wataalamu wa mbio wanasema mwili huishiwa sukari iliyohifadhiwa kwenye misuli na ini karibu na kilomita ya 30 au ya 32, miguu inagoma, na wao wenyewe hulinganisha hali hiyo na kugota ukutani. Wazo ukuta hausubiri sukari ikuishie. Upo kwenye kilomita ya 14, ni wa tofali za inchi sita, na Jumamosi iliyopita haukuwepo.

Utamkuta fundi anamalizia kozi ya mwisho, kamba imevutwa, ndoo ya udongo pembeni.

"Fundi, hapa si palikuwa na njia?"

"Ilikuwepo, bosi."

"Imekwenda wapi?"

"Ipo humu ndani." Na anakuonyesha kwa mwiko.

Usigombane naye, amelipwa kwa tofali. Angalia badala yake mifuko mitupu iliyokunjwa chini ya mti, yenye picha ya twiga. Kiwanda cha Wazo kilianza kutoa saruji mwaka 1966, cha kwanza nchini, na kilikaa pale kwa sababu ya mlima: mawe ya chokaa, mabaki ya viumbe vya bahari ya kale, yamekaa juu juu yanasubiri mchimbaji. Unayasaga na udongo, unayachoma kwenye tanuri kwa nyuzi kama 1,450 mpaka yawe vinundu vya klinka, unavisaga tena na jasi, unafunga kwenye mfuko. Mlima huo ndio uliokuwa unakupa kilima cha mazoezi. Sasa umechimbwa, umechomwa, umerudi mtaani kwa kirikuu na kusimama wima katikati ya njia yako. Nchi nyingine mkimbiaji anaupanda mlima. Hapa mlima unashuka kumfuata.

Na hauji peke yake. Mwenye kiwanja amejenga ili kuzuia matapeli, kwa sababu kibao chake cha "Kiwanja hiki hakiuzwi" kiliuzwa kwa watu wawili pamoja na kiwanja. Jirani akiona uzio, naye anaweka uzio. Kijia kinabanwa katikati ya kuta mbili kinabaki upana wa baiskeli moja. Masika ikija, maji yaliyokuwa yanatawanyika kwenye majani hayana tena pa kutawanyikia, yanaingia yote kijiani, yanakwangua mchanga, na mwaka unaofuata kijia ni korongo la kufika kiunoni. Hilo ndilo litakalokuvunja kifundo, siyo kilomita. Makorongo ya Salasala na Madale yapite kwa kutembea, mikono ikishika kingo. Hata mabingwa wa mbio hizi duniani hutembea milimani, wala hakuna anayewacheka, kwa kuwa hakuna anayewajua.

Mabwepande itakupa unafuu kidogo. Baada ya mafuriko ya Desemba 2011 serikali iliwahamishia huko watu wa mabondeni mwa Jangwani na kwingineko, viwanja vikapimwa, na barabara zikachorwa kabla nyumba hazijaota. Ni sehemu nadra kwenye safari hii ambako ukiambiwa "nyoosha moja kwa moja" inawezekana.

Ushauri wangu kwa mwandaaji ni huu: tangaza umbali wa mbio kwa kukadiria. Andika "kilomita 50, kutegemea mafundi."

Kula

Hapa ndipo Wazo inaipiga bao dunia nzima. Wenzetu hukimbia na vijimfuko vya uji mtamu wa kiwandani, bei ya kimoja unapata mlo wa watu wawili. Wewe una mama ntilie kila mita 300. Uji wa ulezi kwenye kilomita ya 10. Ndizi mbivu na kashata kwenye kijiwe cha kahawa, kilomita ya 20, lakini usikae. Ukikaa kijiwe cha kahawa utakuta mjadala wa Simba na Yanga uko katikati na heshima yako haitakuruhusu kuondoka kabla refa hajahukumiwa.

Chumvi usiisahau. Maji matupu mengi bila chumvi ni hatari halisi: sodiamu inashuka kwenye damu, kichwa kinauma, unatapika, na wenye kufa kwa hilo wamekuwepo. Dafu ni zuri, lina potasiamu ya kutosha, ila sodiamu yake ni haba. Kwa hiyo muhogo wa kuchoma, upasuliwe, upakwe chumvi na pilipili. Waambie chumvi izidi. Pilipili ni juu yako na kilomita zilizobaki.

Nyumbani

Sasa tufike kwenye sehemu ngumu. Ukizungukia Wazo mara tano, utapita mita chache kutoka getini kwako mara tano. Mara ya kwanza watoto watapunga mikono. Mara ya pili watauliza kama umesahau kitu. Mara ya tatu, saa nne na nusu hivi, utasikia harufu ya maharage yanayoungwa kwa nazi, na kupitia uwazi wa geti utaona kiti chako kiko kibarazani kivulini, kimegeuzwa upande wako.

Wanariadha wetu hutajwa sana kwa ushujaa wa kumaliza. John Stephen Akhwari, Mexico City mwaka 1968, alianguka, akaumia goti, akafungwa bandeji, akachechemea mpaka uwanjani zaidi ya saa nzima baada ya Mamo Wolde wa Ethiopia kushinda. Alikuwa wa mwisho kati ya waliomaliza, na dunia ilisimama. Namvulia kofia. Lakini tuseme ukweli, Akhwari nyumbani kwake ni Mbulu. Kutoka Mexico City hakukuwa na bajaji ya kwenda Mbulu. Angeanguka Mivumoni, ingekuwa hadithi nyingine kabisa. Mama wa genge angemfunga goti kwa kipande cha kanga, kijana angeitwa, bajaji ingefika, shemeji angepigiwa simu, na kabla hajajitetea angekuwa amelazwa kwenye kochi, mguu juu ya mto, anapewa ndimu. Huku kwetu huruma ya majirani haimruhusu mtu kuteseka hadharani kwa hiari yake.

Kwa hiyo jipange mapema. Waambie nyumbani kwamba siku hiyo umesafiri. Geti lifungwe. Kiti kigeuzwe. Maharage yasubiri. Wakikuona wasikuite kwa jina lako. Wakuite kwa namba.

Na weka kikomo cha muda. Kule Afrika Kusini kwenye Comrades, mbio za kilomita takribani 90 zilizoanza mwaka 1921, saa 12 zikitimia hupigwa risasi moja hewani na mlango unafungwa, hata kama umebakiza hatua tatu. Wazo tuna adhana ya magharibi. Muadhini akianza, mbio zimekwisha, na bodaboda waanze kuwakusanya waliobaki makorongoni kwa bei ya usiku.

Kumaliza

Utamaliza kwa muuza supu, na saa ya mkononi itaandika kilomita 47.6. Usianze kulaumu mafundi. Zunguka kiwanja cha mpira cha jirani mpaka namba itimie. Watoto watakuhesabia, na watakudanganya kwa kukuongezea mizunguko, kwa sababu wamenogewa. Kunywa supu ya makongoro, chapati mbili, ndimu nyingi. Mwenyekiti atapita kuuliza mbio zinaanza saa ngapi.

Jumatatu ni siku ya kazi. Mapaja yatakuwa yamekataa kabisa kushuka ngazi, kwa hiyo ukifika kituoni shuka daladala kinyumenyume, mikono miwili kwenye bomba, taratibu. Konda atapiga bati na kumwambia dereva asubiri kidogo, kuna mgonjwa anashuka. Usimsahihishe. Ukimweleza kwamba ulikimbia kilomita 50 nyuma ya nyumba yako, atataka kujua kwa nini, na abiria wamechelewa kazini.